Waridi Jeupe Korongoni

Saa moja na nusu asubuhi, sisimizi wa kwanza alishuka kutoka kwenye shada lililolazwa juu ya jeneza la Bi Otilia, amebeba kipande cheupe cha waridi kilichomzidi ukubwa. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikinywa maji moto ya sukari guru. Kabla kikombe hakijaisha, mstari mweupe ulikuwa umevuka kizingiti na kupotelea kwenye mibuni nyuma ya nyumba.

Jirani Anselmo alisema marehemu aliwalisha mchungwa wake miaka yote, na sasa wamekuja kumsindikiza. Watu wakacheka kwa adabu.

Marleny, binti wa marehemu, hakucheka. Nyumba ile ilikuwa ya kupanga. Kitu pekee alichoacha mama yake kilikuwa kichuguu cha sisimizi hao wakata-majani. Mvua za kwanza zikifuatwa na jua kali, malkia wenye mabawa hutoka kama kumbikumbi, nasi wa jimbo la Santander, hapa Kolombia, huwakaanga kwa chumvi, na wanunuzi huwagombania. Bi Otilia alikificha kichuguu hicho hata kwa binti yake, kisha akaanguka jikoni bila kusema kiko wapi. Tangu jana yake Marleny alikuwa akitafuta, lakini chini ya mibuni vipande vya kijani wanavyobeba havitofautiki na majani yaliyotapakaa. Asipokipata, angerudi Bogotá kufua nguo za watu.

Nilimnong'oneza kwamba mama yake hakuwahi kuwatilia sumu sisimizi wa uani. Huenda hawa ndio wa kichuguu chake, na waridi jeupe lingeonekana hata chini ya mibuni. Aliinuka. Mama yake mdogo, Hortensia, alikuwa ameshamtangulia uani. Alikuwa amewafagia waliokuwa uani na kumwaga mafuta ya taa kwenye njia yao.

“Mama mdogo, umenifutia njia.”

“Njia gani? Nimefuta wadudu. Dada yangu hazikwi na shada lililotafunwa.”

Waliotangulia walikuwa wameshazama mibunini. Waliobaki kwenye shada walifika kwenye mafuta, wakaangusha mizigo na kuzunguka ovyo. Upande wa mto Suárez mbingu ilinguruma. Mvua ingenyesha, hata harufu wanayoifuata, iliyobaki mbele, ingeoshwa.

“Tusubiri,” nikasema.

“Mwalimu, mvua hiyo inasubiri?” Marleny akauliza.

Ndipo mmoja, asiye na mzigo, alipoacha kundi na kuambaa ukingo wa mafuta, akigusisha ncha ya tumbo ardhini. Pale anapogusa huacha kemikali ambayo mizani ya shule yangu haiwezi kuipima. Nimesoma kwamba kwa baadhi ya sisimizi wa aina hii, miligramu moja ingetosha kuongoza msafara kuizunguka dunia. Nimeifundisha takwimu hiyo kwa miaka. Asubuhi ile niliiona ikifanya kazi. Mwenzake alinusa, akafuata, akaongeza yake. Wa tatu hakusita. Hakuna aliyetoa amri. Muda si muda njia mpya ilikuwa imelizunguka doa lote na kuungana na ile ya zamani, na waridi likaanza kutembea tena.

Marleny alilifuata, nami nyuma yake. Baada yetu walikuja waombolezaji, Anselmo akiwa amevua kofia. Weupe ule ulipita kati ya mibuni, ukashuka korongoni, ukapenya chini ya gogo na kuingia kichakani. Nyuma ya kichaka palikuwa na udongo mwekundu mbichi, umetobolewa matundu. Kando yake mabuti ya mpira yalikuwa yamepinduliwa juu ya vijiti.

“Ni yake,” Marleny alisema.

Matone yalianza kudondoka. Sisimizi waliingia na petali zao mbio, hadi ardhi ikabaki nyekundu tupu.

Tulimzika Bi Otilia alasiri, mvua ikinyesha. Kesho yake jua liliwaka. Marleny alisimama kwenye kichuguu akiwa amevaa mabuti ya mama yake, sufuria mkononi. Malkia wa kwanza alijitokeza, akakausha mabawa, naye Marleny akamwacha aruke akaanzishe kichuguu kingine. Wa pili akamtia kwenye sufuria.