Askari wa Bibi Shibe

Jioni ile nilijilaza na nguo zangu za kutwa, maneno ya hospitali yakinizunguka kichwani kama nyuki. Daktari Semboja alikuwa ametueleza, mimi na mama, kando ya kitanda cha kaka yangu Hoza, kwamba zile seli nyeupe za damu yake, askari wa mwili, zitatolewa, zikuzwe maabara, kisha zirudishwe zipigane na uvimbe wa ini. Zingeweza kukuzwa kwa sukari tele na hewa tele, kama ilivyozoeleka, au kwa sukari kidogo na hewa haba, kama hali ilivyo ndani ya uvimbe. Njia ya pili hutoa askari wachache. Mama akaruka. "Yaani askari wa mwanangu muwalaze njaa? Hata kuku wa kuchinjwa hulishwa!" Hoza akacheka kwa uchovu. "Zawena, amua wewe. Mama tukimwachia ataleta na ugali." Nikainama kumnyooshea shuka. Daktari akasema atangoja jibu asubuhi.

Usingizi uliponibeba nilijikuta katika nchi yenye kuta za kioo, joto lake tamu, mito yake asali tupu. Vijana wasiohesabika walikuwa wamejilaza kando ya mito, kila mmoja na uso wa Hoza. Bibi Shibe, mnene, mwenye sauti ya kubembeleza, alikuwa akiwapakulia uji, na dada yake Starehe akiwapepea. Pembeni alisimama mwanamke mkavu, Bi Kiasi, akiwa na kibuyu kidogo cha uji. "Usiwaongeze," akaniambia taratibu. Lakini kwetu anayekwenda safari ngumu haondoki na tumbo jepesi. Nikashika upawa mwenyewe, nikapakua. "Kula, kaka. Kula tena." Wakasimama wakararua sanamu za maadui zilizosokotwa kwa majani mpaka vumbi likatanda. "Umewaona?" Bibi Shibe akanikonyeza. Nami nikajivuna.

Ndipo kioo kikapasuka, tukamwagika sote kwenye uwanda mweusi unaonata, wenye hewa nyembamba kiasi cha kukwaruza koo. Katikati alikaa Uvimbe, mfalme mwenye midomo mingi, akilamba kila tone la utamu lililopita. Askari wangu wakamkimbilia wakipiga kelele. Wa kwanza aliinua panga, akatafuta pumzi, akaikosa. Uvimbe akamkanyaga shingo, nikaisikia ikivunjika. Wengine walipiga magoti wakitapika asali, naye akawapasua matumbo kwa kucha, akawatupa juu ya wenzao waliokuwa bado wanatweta, mpaka damu ikanifika magotini. "Leteni wengine!" akanguruma. "Hawa wamenona, nawatafuna na mifupa!" Mmoja alinishika upindo wa kanga, macho ya Hoza yamemtoka. "Dada, ule uji uko wapi?" Kabla sijajibu, kucha ikamng'oa taya.

Nikamgeukia Bi Kiasi, nikimlilia na kumtukana. "Kwa nini hukunizuia?"

"Nilikuambia. Ukaona ni uchoyo," akasema, bila ukali. "Uliwalea wakae kule kule kwenye asali, mwanangu. Huku hukuwahi kuwafikiria." Kisha akanionyesha kikosi kidogo kikipanda kutoka bondeni, vijana wembamba waliokulia gizani kwa kibuyu chake. Hawakupiga kelele. Walipumua polepole, wakamparamia Uvimbe, wakamkata midomo mmoja baada ya mwingine. Aliwaponda wengi, fuvu kwa fuvu. Waliobaki wakakanyaga maiti za ndugu zao wakaendelea kukata. Mkono wake mmoja ukaanguka, ardhi ikatikisika, nikaamka nimeuma ulimi.

Nilikaa kitandani, na mambo yakaanza kunielea. Ushindi wa kwenye chupa ya maabara ulikuwa ushindi juu ya majani. Na huruma yangu na ya mama ndiyo ingewaua wale vijana kabla hawajainua mkono.

Hospitalini nilimkuta daktari kando ya kitanda cha Hoza. Sauti ilinitoka ndogo, lakini ilitoka. "Daktari, wakuzeni kwa shida. Sukari kidogo, hewa kidogo."

"Zawena!" mama akashika kifua. "Umerogwa?"

"Mama, hawaendi harusini."

Mama akanitazama kama mgeni, kisha akaketi. Daktari akasema wazi kwamba hawezi kutuahidi kitu. Hoza akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akamnyooshea muuguzi mkono achukue damu.