Firigisi za Kizimba cha Pili

Wanunuzi walimwita Mama Kuku, na mumewe wakamwita mume wa Mama Kuku, utadhani wazazi wake hawakuwahi kumpa jina. Bwana alicheka pamoja nao. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kifunge milango, alikuwa amezoea kuyachekea mambo yasiyochekesha.

Sifa za mkewe hazikuokotwa njiani. Kuku wengi wa nyama hukuzwa bandani, juu ya maranda ya mbao, wakachinjwa bila kumjua panzi. Wa Mama Kuku walishinda na kulala nje, ndani ya vizimba viwili vya mbao na wavu visivyo na sakafu. Kila asubuhi vizimba vilisogezwa mbele, na kuku wakakuta majani mabichi yenye umande. Bei yake ilikuwa juu, na mwanzoni watu walitilia shaka. Ndipo akaanzisha desturi yake. Siku ya kuchinja, kila mnunuzi alisimama mezani, na Mama Kuku akaipasua firigisi ya kuku wake mbele ya macho yake. Ndani mlikuwa na majani yaliyosagika, vijiwe, na pengine mguu wa panzi.

"Mimi naweza kukudanganya," alikuwa akisema, "ila firigisi haiwezi."

Watu walicheka, wakalipa, wakaenda kumtangaza kwa wenzao. Hakuwa na mtaji mwingine zaidi ya kuaminiwa huko.

Sasa wiki hiyo Mama Kuku alikwenda kumuuguza mama yake, akamwachia mumewe kuku na maagizo ambayo hata mlevi angeyakumbuka: vizimba visogezwe asubuhi, na ukingo ukikaa juu ya kishimo, pazibwe kwa mawe. Siku ya kwanza bwana alifanya. Siku ya pili alilala mpaka jua likamfuata kitandani, kisha akashinda kwa fundi wa pikipiki akipiga soga, akavikumbuka vizimba giza linaingia. Alivisogeza kwa pupa. Kizimba cha pili kilikaa juu ya kibonde na chini yake pakabaki nafasi ya kupitisha ngumi. Aliiona. Mawe yalikuwa mbali kidogo, akasema atayaleta kesho.

Kicheche hangoji kesho. Alfajiri bwana alikuta manyoya yametapakaa na kuku wamelala huku na huku, shingo zimetafunwa. Alikaa chini kwenye umande akalia, tena kwa sauti. Laiti angeishia kulia, lingekuwa kosa kama makosa mengine. Lakini alimfikiria mkewe atakavyonyamaza, kisha akamfikiria dada yake, ambaye tangu kazi iishe alikuwa akimwita "mgeni wa kudumu" kwenye nyumba yake mwenyewe. Dada huyo akisikia kwamba hata kulinda kuku kumemshinda, atalisema msibani, atalisema harusini.

Basi aliifukia mizoga nyuma ya choo, akavunja kibubu chake, akaenda mjini kwenye banda la mtu kununua wengine, weupe vilevile, ukubwa uleule. Aliwapaka hata tope miguuni ili wasionekane wametoka ndani. Mtu mvivu wa kubeba mawe, tazama alivyokuwa hodari wa kupaka tope!

Jioni hiyo mkewe akarudi, amechoka. Alivitupia vizimba jicho na kusema, "Umewatunza vizuri, mume wangu." Bwana aliitikia kwa kichwa tu.

Alikuwa amefikiria rangi, uzito na tope. Firigisi ilimjia kichwani asubuhi iliyofuata, siku ya kuchinja, kisu kikiwa tayari mkononi.

Kuchinja ilikuwa kazi yake. Alimwingiza kuku kichwa chini ndani ya koni ya bati iliyopigiliwa nguzoni, akamkata, akangoja damu iishe, akamchovya kwenye maji ya moto, akamnyonyoa na kumpeleka mezani kwa mkewe. Maji hayo hayatakiwi kuchemka, yakichemka ngozi inachanika. Siku hiyo yalichemka mara mbili yeye akiyatazama, na mkewe akamuuliza kama anaumwa.

"Usingizi tu," alijibu.

Alianza na kizimba cha kwanza, kilichokuwa na kuku wa kweli. Wanunuzi walikuja, firigisi zikapasuliwa, kijani kikaonekana, vicheko vikasikika, wakaondoka na vifurushi vyao. Bwana alikuwa akiomba kimoyomoyo kwamba wa kizimba cha pili wawaangukie wale wanaolipa kwa simu na kutuma pikipiki, wasiokuja kutazama chochote. Kuku wa mwisho wa kizimba cha kwanza alikuwa ameshaondoka pale dada yake alipotokea, ameongozana na nesi mmoja rafiki yake, mnunuzi mpya.

"Mume wa Mama Kuku! Bado hujafukuzwa tu?" dada alitania. Utani wake siku zote ulikuwa na pilipili.

Bwana alichinja wawili wa kizimba cha pili na kuwanyonyoa. Alipowafikisha mezani alimwinamia mkewe sikioni.

"Wana haraka hawa. Firigisi leo tuziache, niwafungie waende."

"Wifi yangu aniletee mgeni, halafu aondoke hajaona?" mkewe alisema kwa sauti, akitabasamu. "Karibu, nesi, sogea. Mimi naweza kukudanganya, ila hii haiwezi."

Akaipasua. Ndani mlikuwa na uji wa manjano wa chakula cha dukani na vipande vya maranda, vyeupe, vya kuhesabika. Mama Kuku aliacha kutabasamu. Alichukua firigisi ya pili, akaipasua pia, nayo ilikuwa na maranda. Aliinua macho akamtazama mumewe mara moja tu. Mumewe akaigeukia koni ya bati, akajifanya anaifuta damu. Hapo Mama Kuku hakuhitaji tena kuelezwa.

"Mbona sioni majani?" nesi aliuliza kwa upole.

Dada akasogea. "Hayo si maranda?"

"Ni maranda, wifi," Mama Kuku alisema. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya meza. "Hawa si kuku wangu. Wangu walipungua, nikanunua wengine bandani nijazie. Nimekosa. Hawa siwauzii, na nesi naomba unisamehe."

"Alaa!" Dada alishika kiuno. "Mimi nimekutangaza ofisi nzima, nimewaambia watu wifi yangu hana longolongo, kumbe unatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa! Wangapi umewalisha maranda kwa bei ya majani? Na unavyojigamba na kisu chako hicho! Muongo mkubwa wewe!"

"Basi, dada, yaishe," nesi alisema, akimvuta mkono.

Mama Kuku alisimama akitukanwa kwa kosa lisilo lake, kwenye meza aliyoipigilia misumari kwa mkono wake, na mwenye kosa alikuwa hatua chache kutoka hapo, kitambaa mkononi. Bwana alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haina kazi hiyo, ina kazi zake. Kilichotakiwa kupasuka ni mdomo wake.

Dada akamgeukia. "Na wewe ulijua?"

Nafasi ndiyo hiyo, ameletewa mpaka miguuni.

"Sikujua, dada," alisema.

Uso wa dada ukalainika. "Maskini mdogo wangu. Siku zote nakuona wewe ndiye mzigo wa nyumba hii, kumbe mkweli ni wewe." Akampigapiga begani. Tangu wakue hakuwahi kumsifu, akamsifu siku hiyo.

"Asante, dada," bwana alisema.

Wageni walipoondoka, Mama Kuku alimwaga maji mezani akaanza kusugua. Bwana alisimama upande wa pili akamweleza yote: usingizi, soga, mawe, kicheche, kibubu, tope. Alieleza haraka haraka, machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka. Mkewe alisikiliza huku anasugua.

"Nisamehe," alimalizia.

"Kuku nilikusamehe palepale nilipoona maranda," mkewe alisema. "Nilijua umetishika. Nikasema ni mimi kwa sababu namjua dada yako, angekutafuna mzimamzima mbele ya mgeni. Nilikusitiri, mume wangu. Halafu hiyo 'sikujua', nani alikushikia kisu uiseme? Hiyo ndiyo sijui niipeleke wapi."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, bwana angeona nafuu kidogo. Aibu ilimshika mwili mzima, masikio yakamwaka moto, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ile ya manyoya haikuwa aibu ya kuogopa kuonekana. Alifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu, akampigia dada yake na kuweka sauti ya nje, ili mkewe asikie.

"Haya, mkweli wangu!" dada alipokea. "Usihangaike, nimeshawapigia wenzangu wote ofisini, hakuna atakayenunua tena hapo."

"Dada, wale kuku niliwanunua mimi. Yeye hata hakuwepo. Alisema ni yeye ili anifiche."

Mama Kuku alikuwa ameacha kusugua.

"Ulisimama pale ukinisikiliza ninavyomtukana?" dada aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa na pilipili hata chembe.

"Ndiyo, dada."

"Na nilipokusifu, ulisema nini?"

Bwana alimtazama mkewe, na mkewe akamtazama.

"Nilisema asante."