Chini ya Kitambaa Kimoja

Kitambaa cha jeneza kilikuwa kimetandazwa juu ya meza ya chakula, na mama mfuaji alikuwa akikipiga pasi pembeni tu. Katikati hakuthubutu kupagusa. Katikati palikuwa na bendera.

Kanisa lao lilikuwa na desturi moja. Awe tajiri au fukara, kila maiti aliingia ibadani chini ya kitambaa kile kile cheupe, chenye msalaba uliotariziwa mahali pa kifua, ili mtu asijue jeneza la nani ni la mbao nzuri na la nani limeungwaungwa. Mama mfuaji alikirithi kwa mama mkwe wake, akakifua na kukitunza kama mboni ya jicho. Lakini mwanawe wa pekee aliporudishwa maiti kutoka vitani, askari walimkabidhi bendera iliyokunjwa. Baada ya maziko, kwa uchungu usio na macho, akaishona pale pale kifuani, juu ya msalaba. Jumapili iliyofuata alipokionyesha kanisani, waumini walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza msalaba umekwenda wapi.

Sasa alikuwa amekufa fundi viatu, na mchana huo wangemzika.

“Hodi, dada.” Mke wa fundi alisimama mlangoni, kitambaa cha kichwa kimemkaa upande.

“Karibu, mwenzangu. Pole sana.”

“Ahsante.” Akaonyesha mezani kwa kidevu. “Nimekuja kwa ajili ya hicho. Mume wangu alizaliwa ng’ambo ya mpaka, unajua. Wadogo zake huko nao wanazika watoto kwa vita hii hii. Nikimfunika bendera hiyo nitakuwa nimemtukana. Nikimpeleka bila kitambaa, watasema hakuwa wa kanisa hili.”

Kabla mama mfuaji hajajibu, aliingia mzee wa kanisa waliyemwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Alikuja kuchukua kitambaa, na maneno ya mwisho aliyasikia.

“Mama, usijisumbue. Hicho sasa ni cha mashujaa,” akasema. “Aende bila. Hakuwa mwenzetu.”

“Hakuwa mwenzenu?” mke wa fundi akamgeukia. “Na besi aliyoimba nyuma ya kiti chako? Ukipotea njia katikati ya wimbo, nani alikuwa akikurudisha?”

“Hayo ni ya kwaya, shemeji. Hapa tunazungumzia nchi.”

“Basi iambie nchi ije kubeba jeneza.”

Mama mfuaji aliitazama bendera. Tangu amzike mwanawe, alikuwa akivuka barabara ili asipite karibu na kibanda cha fundi. Mdomoni hakumlaumu, ila moyoni alimweka kundi moja na waliofyatua risasi. Fundi hakumwita. Kila alipomwona akipita upande wa pili, aliweka nyundo chini, akasimama, akavua kofia, akangoja mpaka amalize kupita.

Na zilikuwapo buti. Kabla ya kwenda vitani, mwanawe alizipeleka kwa fundi, naye akazishona kwa uzi maradufu. Katika simu yake ya mwisho kijana alisema, “Mama, huku ni matope matupu. Wenzangu miguu inawaoza, mimi nakanyaga pakavu. Mwambie baba fundi ahsante.”

Salamu hizo hazikuwahi kufika.

Mama mfuaji akazima pasi, akachukua wembe.

“Mama! Hiyo ni bendera ya mwanao!” Kengele akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

“Najua ya nani,” akajibu. “Mwenzangu, nishikie hapa.”

Naye alikuwa ameshona kwa uzi maradufu. Mishono ilikatika kwa shida, naye akaukandamiza wembe.

“Polepole, dada,” mke wa fundi akanong’ona. “Usije ukaichana. Ni ya mtoto.”

Msalaba ulipotokea, ulikuwa mweupe kuliko kitambaa chote.

Mchana ule, mama mfuaji ndiye aliyelifunika jeneza. Alinyoosha mikunjo, kisha akainama kana kwamba anaondoa uzi uliobaki. “Anasema ahsante,” akasema kwa sauti ya chini. “Miguu ilikuwa mikavu.”

Akarudi kwenye kiti chake, akaipakata bendera. Wimbo ukaanza. Kwenye ubeti wa pili Kengele alipotea, na kwa mazoea akageuza kichwa nyuma kidogo, akasikiliza.