Hatamu ya Shubar

Jandos alitamani kuitwa mwenye farasi wa mbio, na tamaa hiyo ilimwasha kama upele. Njia zilikuwepo. Wafugaji wakubwa nje ya Almaty walikuwa na farasi wazuri, ila bei zao zilimkunisha kichwa hata tajiri. Angeweza kununua mtoto wa farasi amlee, lakini subira hakuzaliwa nayo. Marafiki walimtaka wachange wanunue mmoja. Akauliza, siku ya ushindi nani atapigwa picha? Ikabaki njia ya bure, haki ya mpwa. Kwa Wakazaki, mtoto wa dada akiomba kitu kwa mjomba wake hanyimwi. Wazee husema anayempiga mpwa mkono wake utatetemeka, na kumnyima hakuko mbali na kumpiga.

Mjomba wake Tolegen alikuwa na farasi mmoja tu wa mbio, Shubar, mwenye madoadoa. Alizaliwa yatima, na mke wa mjomba akamlea kwa chupa ya maziwa ya ng'ombe, humo humo jikoni. Mke huyo walimzika majira ya baridi yaliyopita. Jandos alikuwepo mazikoni. Hawezi kusema hakujua. Hata mama yake alimwonya: "Omba kondoo, omba trekta ukitaka. Farasi yule mwache, mwanangu."

Hakumwacha. Tena alimwomba mezani, mjomba ameshamchinjia kondoo na majirani wanakula, ili mzee wa watu akose pa kukwepea. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

"Mjomba, nimefuata haki yangu. Namtaka Shubar."

"Si mnaona?" jirani mmoja akadakia. "Kuliko aje mpwa, heri waje mbwa mwitu saba."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye alicheka, kisha akaweka kisu chini.

"Mchukue, mpwa wangu. Ni wako."

Asubuhi mjomba alimpandisha farasi garini mwenyewe. Sasa, Mkazaki akimtoa farasi humvua hatamu akabaki nayo, baraka ya mifugo isije ikaondoka na mnyama. Shubar alikuwa garini na hatamu yake kichwani. Jandos akadhani ni uzee.

"Mjomba, umesahau hatamu."

"Sijasahau. Aliisuka marehemu, na farasi ameizoea. Mimi ya nini? Sifugi tena."

Jandos aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akasema basi, farasi abaki, jana alikuwa anatania tu.

"Ulimwomba mbele ya watu, na mimi nimemtoa mbele ya watu," mjomba alisema. "Ukimrudisha utakuwa umenitukana. Nenda. Na uendeshe taratibu, huyu anaogopa mashimo."

Aliendesha taratibu njia nzima, kana kwamba hilo lingepunguza kitu.

Vuli ilipofika, Shubar alishinda mbio zake za kwanza. Watu walimbeba Jandos juu juu, wakamwita mwenye farasi, kama alivyotaka. Mpiga picha akamwambia ashike hatamu na atulie. Akapiga, akatazama, akapiga tena, mwisho akauliza kama bwana anasikia baridi. Mkono ulioshika hatamu ulikuwa unatetemeka, na haukukubali kutulia.