Mashine Iliyotupanga kwa Urefu

Usiku wa kuamkia leo niliota tumejazana kwenye uwanja wa mpira, watu wengi kama mchanga, mimi na mke wangu Skola tukiwa katikati. Tumeletwa kuipima mashine.

Mashine yenyewe ni kompyuta kubwa kuliko godauni. Mwamuzi ni saa ya ukutani iliyovaa suti.

"Kazi ni moja," saa inasema. "Mnaingia ovyo ovyo, mnatoka mmepangwa kwa urefu, mfupi mbele. Mashine ya jana ilikuwa na kasi, ila ilipoteza watu. Hatukuipa alama."

"Waliopotea wako wapi?" nikauliza.

"Tungejua, wasingekuwa wamepotea."

Skola akanishika mkono. "Baba Oliva, usiniachie."

"Achianeni," mashine ikasema kwa upole, kama nesi. "Napanga mmoja mmoja. Halafu nyinyi mnalingana."

"Umesikia?" Skola akacheka. "Na ulivyokuwa unajitapa kwa dada zangu kuwa umenizidi urefu!"

Mimi sikucheka. Watu wa urefu wetu walitosha kujaza mji. "Ukimtupa huko, mimi nitampata wapi?"

"Wanaolingana siwavurugi. Aliyeingia mbele anatoka mbele. Mmeingia mnafuatana, mtatoka mnafuatana."

Tukaachiana.

Mashine inapasuka, inakuwa makabati maelfu. Kila kabati linabeba kundi lake, na makabati yanaitana kama wauza nyanya: "Wafupi leta huku! Nani kachukua warefu wangu?" Uwanja unakuwa ziwa, ziwa linakuwa korido ya hospitali, nami napita juu ya vichwa bila kugusa kofia ya mtu. Nimefanya kazi na watu hodari. Kazi safi namna hii sijawahi kuiona.

Nikatua kwenye mstari. Nikaogopa kugeuka.

"Shusha visigino," Skola akasema nyuma yangu. "Utawaharibia watu mstari."

Saa ikapita ikituhesabu. Hakupungua hata mmoja. Ikataka kutangaza muda, ikaona haya: mishale yake ilikuwa bado haijaanza kutembea. Ikaivulia mashine koti lake kwa heshima.

Nikaamka, nikaenda jikoni. Dagaa walioachwa ovyo kwenye ungo walikuwa wamelala mstari mmoja, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Nikanyoosha mkono.

"Chukua yeyote," Skola akasema akiwa mlangoni, macho bado yana usingizi. "Ila hao wawili wa katikati, wanaolingana, usiwatenganishe."