Nane kwa Kumi

Uliiona ile picha. Usinikunjie uso kama mtu anayeulizwa habari za mtaa wa pili. Ilikuwa ukurasa wa kwanza, Jumanne: rubani mwanamke, helmeti kwapani, na Mkuu wa kambi ameshika kadi ya majaribio, kidole chake juu ya namba. Kichwa cha habari chekundu: NANE KWA KUMI. Ukasema vizuri, ukafunua kurasa za nyuma kutafuta matokeo ya mpira. Kadi nzima ilikuwa pale, mpaka mstari wake wa mwisho, na wewe una macho mawili mazima.

Rubani yule ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Mimi ni fundi wa viti. Si viti vya sebuleni. Ni vile vinavyomrusha rubani nje ya ndege mambo yakiharibika. Chuo sikukanyaga. Niliingia kambini na fagio, wenzangu wakila chakula cha mchana mimi nakula kurasa za vitabu vya mafundi, mpaka siku moja fundi mkuu aliuliza swali bandani na mfagizi akalijibu. Miaka ishirini na sita sasa. Nasahau mahali nilipoweka miwani, lakini nani alisema nini, siku gani, amesimama wapi, hilo halinitoki.

Tulikuwa na ndege za kivita za aina moja, kongwe, tukiziita Bibi. Kisha ikaletwa nyingine ya majaribio, rangi mpya, riboni puani. Mafundi wakaiita Bwana Harusi. Kamati ilitaka kujua kama inunuliwe. Mpwa wangu akaambiwa azirushe zote mbili kwa wiki tatu, aandike zinavyomtii.

Siku ya mwisho alikuja bandani kwangu, akakaa juu ya sanduku la vifaa, nywele zimelowa jasho la helmeti.

"Niambie ukweli," nikamwambia, "sio ule wa kwenye kadi."

"Wa kwenye kadi ndio huo huo, Mjomba." Akanyoosha viganja mbele yake, vikawa mabawa. "Bibi ni mzito. Usukani wake unauvuta kama unatoa ndoo kisimani. Ukimkunja kona kali, bega linakuuma mpaka kesho. Lakini ana adabu. Kabla hajaanguka anatetemeka kwanza, unamsikia chini ya makalio, kama anayesema, mjukuu wangu, hapo basi."

"Na Bwana Harusi?"

"Kule juu, hewa ikitulia, hana mfano. Vidole viwili tu, anageuka kabla hujamaliza kuwaza." Viganja vikasimama. "Shida ni kurudi nyumbani. Uko chini, mwendo umepungua, upepo unakupiga ubavuni. Unamrekebisha, anakaa kimya. Kuna kompyuta kati ya mkono wangu na mabawa, inafikiri kwanza. Unaongeza. Sasa anatii yote mawili kwa mpigo, bawa linalalia upande wa pili. Unamrudisha, anachelewa tena. Kila unavyomwokoa ndivyo unavyomwangusha."

"Kama marehemu baba yako na simu. Unamuuliza, kimya, unarudia, anakujibu maswali yote mawili kwa pamoja."

Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Dawa yake ni kuuachia usukani, atulie mwenyewe. Na ardhi iko mita ishirini. Nani ataachia, Mjomba?"

Sasa sikiliza habari ya kadi, maana hapa ndipo ulipolala. Marubani wa majaribio hawatoi alama kama walimu. Kwao moja ndiyo bora: ndege inajiendea, rubani hana kazi. Kumi ni ndege iliyokushinda. Namba yao inapima jasho. Mpwa wangu alimpa Bibi tatu. Bwana Harusi alimpa nane.

Karani wa kamati, mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, akaifupisha ripoti ya kurasa sitini ikawa ukurasa mmoja, kwa kuwa wakubwa hawasomi zaidi ya hapo. Ya zamani, tatu. Mpya, nane. Wakapiga makofi. Hakuna aliyehongwa, nimechunguza, na ingekuwa hongo ningelala usingizi. Ni watu wazima kumi na mmoja walioona namba mbili wakaona haya kuuliza.

Mpwa wangu alipokwenda kwa Mkuu nilikuwepo, nimepeleka orodha ya viti.

"Mkuu, imesomwa kinyume," akasema.

Mkuu akainuka, akafunga dirisha. Si mtu mbaya. Mwanangu alipolazwa alinipa gari lake. "Najua. Nimejua tangu Alhamisi iliyopita."

"Basi tuseme."

"Tuseme nini, binti yangu? Mkataba umesainiwa, picha imetoka. Tukisema leo, tumesema kamati nzima haijui kusoma. Kampuni imeahidi kuirekebisha hiyo kompyuta."

"Lini?"

"Imeahidi." Akapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. "Ijumaa wageni wanakuja kuiona ikiruka. Utairusha wewe. Si wewe uliyeipa nane?"

Nje, kwenye ujia wenye milango kumi na miwili inayofanana, nilimshika mkono. "Kataa."

"Nikikataa atapewa Chekechea." Huyo ni rubani mdogo kuliko wote kikosini, ana saa arobaini tu za ndege za kivita. "Mimi angalau najua inauma wapi."

"Andika barua uache kazi."

"Barua hiyo inapita mezani kwa nani, Mjomba?"

Tulitembea mpaka mwisho wa ujia, na mwisho wake ulikuwa ukuta wenye ubao wa matangazo na ile picha yake.

Kiti cha rubani kina pini tano zenye vitambaa vyekundu. Zikiwa ndani, kiti hakimrushi mtu. Kabla ndege haijaondoka fundi anazichomoa, anasimama mbele ya pua, anaziinua juu, rubani anazihesabu kupitia kioo. Akiona tano, anainua dole gumba. Asipoziona tano haendi popote, hata awe ameitwa na nani. Ndiyo sheria pekee ya kambini ambayo sijaona mkubwa akiivunja.

Miaka kumi na moja iliyopita nilimwinulia pini tano rubani tuliyemwita Kipanga, nami najua breki za ndege yake zimelalamikiwa mara tatu kwa maandishi. Alikufa akitua, na ripoti ikasema kosa la rubani. Wakaniletea nisaini kama shahidi, nikasaini, kwa sababu nyumba ninayolala ni ya kambi na ufunguo wa akiba uko kwa mlinzi. Mjane wake tukikutana dukani ananiamkia, ananiuliza hali ya mgongo wangu. Afadhali angenitemea mate.

Ijumaa ile soksi ya upepo, ile ya kitambaa mlingotini inayoonyesha upepo unakokwenda, ilikuwa imenyooka, imeikata njia ya kurukia kama mkono wa askari wa barabarani. Nilimfunga mpwa wangu mikanda.

"Kaza la kushoto, Mjomba."

Nikakaza. Kioo kikashuka, kikajifunga kwa ule mlio mdogo kama wa kufunga kopo. Nikateremka ngazi, nikachukua nafasi yangu mbele ya pua, nikainua mkono.

Pini nne.

Ya tano ilikuwa mfukoni, imenibana pajani. Akahesabu. Akahesabu tena. Akanyoosha vidole vitano. Nikamwonyesha zile zile nne. Macho yake sikuyaona. Kwenye miwani ya helmeti nilijiona mimi, mdogo kama sisimizi, mkono juu. Jukwaani wageni walianza kutazama saa. Mkuu alikuwa akiongea na redio yake, kisha akaiteremsha, akanitazama tu. Tulikaa hivyo, yeye amefungiwa ndani ya kioo na mimi nimefungiwa nje, mpaka askari wawili walipokuja kunishika viwiko. Mmoja aliniomba radhi.

Fundi akiondolewa mbele ya ndege, kiti chote lazima kikaguliwe upya, siku mbili. Nilijua. Ndizo nilizonunua.

Mpwa wangu alikuja jana kwenye chumba cha walinzi nilikofungiwa. Kuna kitanda, ndoo, na dirisha lililozibwa na tangi la maji. Hakuketi.

"Umeninyima kukataa mwenyewe."

"Ungekataa?"

Akalitazama lile tangi. "Sijui. Sasa hatutajua."

"Jumatatu je?"

"Nitaruka, saa nne asubuhi. Wameleta fundi mwingine kutoka kambi ya pili. Mtu mwepesi, anachomoa pini kama anamenya karanga." Mlangoni akageuka. "Chekechea ameshaagizwa akae karibu, amevaa tayari. Shikamoo, Mjomba." Alisahau kuniamkia alipoingia. Hakusubiri marahaba.

Leo ni Jumamosi. Dada yangu ameniletea chai, na karatasi hizi zitatoka zimeviringishwa ndani ya chupa, chini ya kizibo. Mlinzi anafungua kapu, chupa hafungui.

Gazeti lile unalo. Umelitandika kabatini, au umefungia viatu. Litoe. Tazama chini ya kidole cha Mkuu, mstari wa mwisho wa kadi, herufi ndogo: moja, haina kasoro, kumi, haitawaliki. Usome kwa sauti, na aliye jikoni asikie. Kisha inuka, mgongee jirani, naye atoe lake. Jumatatu kabla ya saa nne simameni kwenye uzio wa kambi, upande wa njia ya kurukia, muyainue magazeti juu, mkono umenyooka. Ndege ikitoka bandani hupita pale polepole, rubani ametazama nje. Na huyu rubani huhesabu, na hesabu isipokaa sawa haendi popote.

Njoo umwonyeshe.