Viatu Visivyoenda Popote

"Soli hii umeibadilisha ya nini?" mkewe alimuuliza, akikigeuzageuza kiatu mkononi. "Ya zamani ilikuwa haijakanyaga hata vumbi."

Fundi viatu alikuwa akiokota vipande vya soli ya zamani sakafuni. Mwaka mzima viatu vile havikutoka chumbani, lakini kila mwezi alivivuta kutoka chini ya kitanda, akavipaka rangi, akakaza nyuzi, na safari hii akabandua soli zote mbili na kubandika mpya. Viatu vya mkewe huyo, aliyeanguka ngazini, miguu ikafa kuanzia magotini kwenda chini. Daktari alishasema, tena bila kuzungukazunguka, kwamba haitarudi. Fundi aliitikia kwa adabu, akashukuru, na maneno ya daktari akayaacha palepale mlangoni.

Kibandani kwake wateja walimuuliza kama mama ameshaanza kutembea. "Bado," alisema. Neno tamu hilo! Halisemi ndiyo, halisemi hapana, na mtu anaweza kulikalia hata miaka kumi. Wateja walimwambia subira huvuta heri, wakachukua viatu vyao, wakaenda zao. Aliyebaki na hiyo subira, katika chumba chenye dirisha moja, alikuwa mkewe.

Naye alikuwa ameomba kitu kimoja tu. Amshonee vifuniko vya magoti, ngozi nene chini, laini ndani, ajikokote mwenyewe mpaka uani akaote jua. Fundi alikuja juu. Mke wake atambae kama mtoto, majirani wakitazama? Akishazoea kutambaa, nani tena ataihangaikia miguu? Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, lakini huyu aliuomba uji wake kwa mdomo wake, miezi sita, na hakuna aliyemsikia.

"Unakumbuka kilivyokuwa kikilika?" mke aliuliza, akikinyanyua kiatu cha kushoto.

"Upande wa nje."

Alisema upesi mno. Fundi viatu humjua mtu kwa soli yake, na huyu alimjua kwa kisigino cha kushoto kilicholika upande wa nje, kabla hata hajalijua jina lake.

"Basi hakitalika tena, mume wangu. Mimi nimeshalia, nikamaliza. Wewe na hiyo 'bado' yako ndio mlionifungia humu ndani."

Kwanza alikasirika. Kisha akaona haya, na haya ikamshinda, akaketi ukingoni mwa kitanda akalia kwa sauti, mwanaume mzima, huku mkewe akimngojea amalize. Alipomaliza, alichukua kisu. Ngozi laini kama ya viatu vile hakuwa nayo nyingine, akavikata vyote viwili. Alimpima magoti kwa kipande cha uzi, kama alivyompima nyayo zamani. Mkono wake ulipoteleza chini ya goti, ngozi ilikuwa ya baridi, na mkewe hakujua kama ameguswa. Hapo ndipo aliposikia alichoambiwa na daktari.

Siku mkewe alipojikokota kwenda uani, fundi aligeukia ukutani. Hakuweza kutazama, na hakujisingizia kuwa anaweza. Kibandani mteja wa kwanza aliuliza kama kawaida, na lile neno lake, alipolitafuta, hakulipata.

"Hapana," alisema. "Hatembei. Hatatembea."

Mteja alitazama chini, akapokea viatu vyake, akaondoka bila kumwambia habari za subira.

Wiki ya tatu mkewe alimwita kutoka uani. Uso wake ulikuwa umepigwa na jua, viganja vimechubuka, wala hakuwa anatabasamu.

"Fundi, kifuniko kimoja kimeanza kutoboka."

Alivipokea vyote viwili, akavipeleka penye mwanga. Cha kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje.

Alikishika muda mrefu, kidole gumba kikipita polepole pale palipolika. Kisha akatafuta msharasi wa kutobolea ngozi na uzi, akakaa chini, akaanza kutia kiraka.